Kando ya Mto, Nje ya Lango

Mahubiri ya redioni. Masomo: Matendo ya Mitume 16:11-15, Wafilipi 4:2-7

Wewe mama uliye jikoni, unayechambua maharagwe huku redio ikiwa dirishani, leo nimekujia wewe hasa. Lakini baba asiondoke. Kabla sijamaliza nina neno lake.

Katika parokia nyingi za Kenya, akina mama hutenga siku moja katika mwaka wakakutana kwa ajili ya kufanywa upya kiroho. Wengine huiita Siku ya Utulivu, wengine husema siku ya maombi. Siku yenyewe mwaijua. Ni Jumamosi. Mama ameamka saa kumi za usiku, amekamua ng'ombe, amewaachia watoto uji, amevaa sare yake na kufunga kitambaa kichwani. Njiani wenzake wanaungana naye, huyu na sufuria, yule na mfuko wa viazi vitamu, mwingine na mtoto mgongoni. Kanisani wanaimba, wanasikiliza Neno, wanaomba, wanakula pamoja. Saa kumi za jioni wanashika njia mbio, maana ng'ombe hajui kwamba leo kulikuwa na maombi.

Basi wako watu wanaouliza, na si wanaume peke yao: Faida yake ni nini? Kwani hawasali kila Jumapili? Kwani hawana ushirika wao katikati ya juma? Si wanakwenda kunywa chai tu na kupashana habari?

Ndugu zangu, swali hilo si baya. Siku nzima ya mama mwenye kazi nyingi ni kitu cha thamani, na kama tunamwomba aitoe, yafaa tujue anaitoa kwa ajili gani. Tulitafute jibu katika mji wa Filipi.

Mtakumbuka kwamba Mtume Paulo alikuwa Troa aliponyeshwa maono usiku. Alimwona mtu wa Makedonia amesimama akimsihi avuke aje kuwasaidia. Paulo akavuka bahari pamoja na wenzake, akafika Filipi. Mji huo, ambao magofu yake yako kaskazini mwa Ugiriki ya leo, ulikuwa koloni la Warumi. Askari wa Kirumi waliomaliza utumishi wao walikuwa wamepewa mashamba hapo. Barabara kuu ya kwenda upande wa Rumi ilipita katikati ya mji. Ulikuwa mji wa majeshi, wa sheria na wa biashara.

Ilikuwa desturi ya Paulo, akifika mji mgeni, kutafuta kwanza sinagogi. Lakini Luka hatuambii kwamba Filipi palikuwa na sinagogi. Wataalamu wengi hudhani Wayahudi wa hapo walikuwa wachache mno, maana kwa desturi yao walihitajiwa wanaume kumi watu wazima ili sala ya mkutano ifanyike. Basi siku ya Sabato Paulo na wenzake walitoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto, mahali walipodhani watu huomba. Wakamkuta nani? Yule mwanamume wa maono hayupo. Waliwakuta wanawake wamekusanyika. Paulo akaketi, akasema nao.

Wapendwa, angalieni jambo hili. Kanisa la Filipi, ambalo Paulo alilipenda mno na kuliandikia waraka uliojaa furaha, lilianzia katika mkutano wa maombi wa akina mama. Hawakuwa na jengo, wala mhubiri aliyealikwa. Walikuwa na mto, na siku moja waliyoitenga. Bwana akawaletea Mtume.

Katika habari hiyo nataka tujifunze mambo matatu.

La kwanza ni hili: walitoka. Luka anasema ilikuwa nje ya lango. Ndani ya lango kulikuwa na soko na kelele, na kila mmoja alikuwa na kazi iliyomngoja. Kutoka nje ya lango si kuikimbia kazi. Ni kukiri kwamba kazi siyo Mungu.

Mama wa Kenya ni mtu wa kazi. Mabati ya nyumba nyingi vijijini yaliezekwa kwa fedha za vikundi vya akina mama. Mashamba yetu, karo za watoto wetu, hata makanisa yetu, yameshikwa na mikono yao. Lakini mikono inayotoa kila siku bila kupokea, siku moja hukauka. Mama huyo ataendelea kupika na kulima, ataendelea hata kuimba katika kwaya, lakini ndani yake mtungi umebaki mtupu. Anawajibu watoto kwa ukali wala hajui sababu. Anaomba maneno yale yale aliyoomba mwaka jana. Bwana wetu alipowaona mitume wake wamechoka kwa shughuli, hata nafasi ya kula hawakupata, yeye mwenyewe aliwaalika waende naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Tunasoma hayo katika Marko sura ya sita. Ikiwa mitume walihitaji, sembuse sisi?

Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaoitayarisha siku hii: msiijaze hata ikose pumzi. Nimeona ratiba yenye wahubiri watano, kwaya saba, salamu za wageni, na harambee mwishoni. Hiyo siyo siku ya utulivu, ni Filipi ndani ya lango! Mhubiri mmoja anatosha. Baada ya neno lake, mwacheni kila mama aende peke yake chini ya mti na Biblia yake kwa muda wa saa nzima, asiseme na mtu. Simu za mkononi ziwekwe katika kikapu mlangoni, na mama mmoja azisikilize ikiwa kuna neno la dharura. Kwa nusu saa ya kwanza utafikiri juu ya kuku na mahindi. Usikate tamaa, endelea kuketi. Maji yaliyotibuliwa huchukua muda kutulia, ndipo uone chini yake kuna nini.

La pili: Bwana aliufungua moyo. Miongoni mwa wale waliokuwa mtoni alikuwako Lidia, mwenyeji wa Thiatira, mji wa Asia Ndogo. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo za rangi ya zambarau. Zambarau iliyo bora sana ilitolewa katika konokono wa baharini, na iliyo rahisi zaidi katika mizizi ya mmea, na matajiri ndio waliovaa nguo hizo. Basi Lidia alikuwa mfanyabiashara mwenye nyumba yake na watu wake. Tena alikuwa mcha Mungu tayari. Alikuwa mtu wa maombi kabla Paulo hajafika. Hata hivyo Luka anatuambia kwamba Bwana ndiye aliyeufungua moyo wake ili ayatunze yaliyonenwa na Paulo.

Mama mpendwa, unaweza kuwa mtu wa maombi, na bado iko sehemu ya moyo iliyofungwa. Unaweza kuwa na sare iliyopigwa pasi vizuri, ukawa mweka hazina wa kikundi, ukajua nyimbo zote bila kitabu, na bado kuna chumba kimoja ndani yako ambacho hata Bwana humkaribishi. Pengine ni uchungu wa mtoto aliyepotelea katika pombe, nawe unaona aibu kuwaambia wenzako. Pengine ni chuki juu ya mkwe wako. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Siku ya utulivu ni siku ya kumwachia Bwana ufunguo wa chumba hicho.

Angalieni tena kwamba Luka hataji mume wa Lidia. Pengine alikuwa mjane, pengine hakuolewa. Hatuambiwi, wala Paulo hakumwuliza kwanza kabla ya kumhubiria. Nasema hivi kwa sababu katika parokia nyingine siku hii imefanywa kuwa ya wenye sare tu. Mama asiyefunga ndoa kanisani huona haya kuja. Msichana aliyezaa nyumbani kwa baba yake hukaa mbali. Umoja wa Akina Mama una kanuni zake za uanachama, nami siziondoi leo. Lakini kando ya mto hakuna kanuni ya uanachama. Nendeni mkamwite mama huyo. Mchukulieni mtoto wake mpaka amalize kuomba.

Twamkumbuka Mary Sumner. Mwaka 1876, mumewe akiwa kasisi wa kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, mama huyo aliwaita akina mama wa parokia, matajiri na maskini, wakutane nyumbani kwake. Siku ile ya kwanza haya zilimshika hata akashindwa kusema neno, akawaomba warudi juma lililofuata. Nao walirudi. Katika chumba kile ndipo ulipoanza Umoja wa Akina Mama ambao leo umeenea katika nchi nyingi za dunia. Mungu hakungojea msemaji hodari. Alitumia mlango uliofunguliwa kwa tajiri na kwa maskini.

Sasa nafika jambo la tatu, nalo ndilo gumu. Miaka kama kumi ilipita. Paulo yuko kifungoni, analiandikia kanisa lile lile la Filipi. Karibu na mwisho wa waraka anawataja wanawake wawili kwa majina, Euodia na Sintike. Hatujui waligombania nini. Twajua tu kwamba hawakuwa na nia moja. Na hawakuwa watu wa pembeni, maana Paulo anashuhudia kwamba walishindana pamoja naye katika kazi ya Injili, na kwamba watenda kazi wenzake majina yao yamo katika kitabu cha uzima. Huenda walikuwako hata siku ile ya mto, ingawa Biblia haisemi.

Fikirini, wapendwa. Nyaraka zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa lote. Euodia ameketi upande huu, Sintike upande ule. Ghafula wanasikia majina yao. Na Paulo anaandika kwa hekima: neno la kusihi analirudia mara mbili. Anamsihi Euodia, kisha anamsihi Sintike. Hakuna anayeweza kusema, "Mtume ameelemea upande wa mwenzangu." Tena anamwomba ndugu mmoja awasaidie, kwa maana mara nyingi waliogombana hawawezi kupatana peke yao. Na maneno yale tunayoyapenda sana, ya kutojisumbua kwa neno lo lote, na ya amani ya Mungu inayolinda mioyo, ambayo wengi wameyatundika ukutani, yanafuata mara baada ya ugomvi huo. Twataka amani ya aya ya saba, lakini twairuka aya ya pili!

Nitawasimulia habari ya parokia moja ambayo sitaitaja. Wenyewe wameniruhusu niseme, bila majina. Kikundi cha akina mama kilikuwa kikichanga fedha za kununua tangi la maji. Fedha zilipohesabiwa, shilingi 6,000 hivi hazikuonekana. Mama mmoja alisema mbele ya wenzake kisimani kwamba mweka hazina amezila. Neno lile lilimfikia mweka hazina kabla jua halijatua. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kwa miaka mitatu mmoja aliketi karibu na mlango, mwingine karibu na madhabahu. Wote wawili walishiriki Meza ya Bwana. Walipokea mkate mmoja, wakatoka kwa milango miwili.

Siku ya utulivu ilifika. Mama mzee aliyeongoza, ambaye amekuwa katika ushirika wa Uamsho tangu ujana wake, aliwahesabu akina mama wawili wawili kwa kufuata mstari, waende wakaombe chini ya miti. Sijui kama alikusudia au la, lakini wale wawili waliangukiana. Waliketi chini ya mgrevilea pasipo kusema neno. Mwisho mweka hazina akauliza, "Mama, yule mtoto wako aliyekuwa mgonjwa, aliendeleaje?" Yule mwingine akajibu, "Alipona. Ni mwaka wa pili sasa." Akanyamaza, kisha akaanza kulia. Alilia kwa sababu mwenzake hakujua, na kijiji kizima kilijua.

Siku ile hawakumaliza. Waliomba maneno machache, wakakubaliana siku ya kukifungua kitabu mbele ya wazee wa kanisa. Kitabu kilifunguliwa. Wapendwa, msidhani kwamba fedha zilionekana. Risiti zilikuwa zimepotea, na mpaka leo hakuna ajuaye shilingi zile zilikwenda wapi. Mweka hazina alisema, "Sikuzila, lakini kitabu nilikitunza vibaya, na hilo ni kosa langu." Mwenzake alisema, "Nami nililiua jina lako kisimani bila kukuuliza kwanza." Mweka hazina alijitolea kuzilipa kidogo kidogo. Yule aliyemsema akasema, "Nusu yake ni yangu." Walilipa pamoja. Kisha yule mama alirudi kisimani, mbele ya masikio yale yale, akalifuta neno lake.

Huo, ndugu zangu, ndio ushirika. Wazee wetu wa Uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937, walituachia neno moja zuri: kutembea nuruni. Maana yake si kusimama mbele za watu na kuzitangaza dhambi za jirani kwa jina la ushuhuda. Ni kuitaja dhambi yangu mimi, kwa jina lake halisi, kwa yule niliyemkosea. Bwana Yesu alifundisha katika Mathayo sura ya tano kwamba mtu akiwa ameleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, akapatane kwanza. Siku ya utulivu hutupa nafasi ya kukumbuka. Jumapili ibada huenda mbio, na mtu aweza kuikwepa kumbukumbu hiyo. Lakini chini ya mti, kwa saa nzima, utaikwepea wapi?

Basi mkiuliza faida ya siku hii, msiipime kwa machozi yaliyomwagika wala kwa nyimbo zilizoimbwa. Ipimeni siku ya Jumatatu. Je, yuko mama aliyekwenda kugonga mlango ambao hakuugonga kwa miaka mingi? Je, yuko mtoto nyumbani aliyesema, "Siku hizi mama ananisikiliza"? Lidia alipobatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, aliwashurutisha Paulo na wenzake wakae kwake. Na baadaye, Paulo na Sila walipotoka gerezani wamechubuliwa kwa mapigo, walikwenda nyumba ile ile, wakawaona ndugu huko. Maombi ya mtoni yaligeuka kuwa mlango wazi, tena kwa watu waliotoka gerezani, wakati ambapo kuwapokea kulikuwa na hatari.

Sasa neno la baba, kama nilivyoahidi. Mzee wangu, ndugu yangu, siku ile mkeo anapokwenda kuomba, usimpe ruhusa kwa mdomo huku umekunja uso. Mwambie aende kwa amani. Songa ugali mwenyewe, hautakuua. Wapeleke ng'ombe majini. Usimpigie simu saa saba kumwuliza chumvi iko wapi. Itafute, nyumba ni yako pia. Na akirudi jioni, usianze na hesabu ya kazi zilizolala. Mwulize, "Bwana amesema nini nawe leo?" Kisha msikilize. Yamkini neno alilopewa ni la nyumba nzima, nawe umo ndani yake.

Na wewe mama usiyeweza kwenda, kwa sababu unamwuguza mgonjwa au nauli haikupatikana, Bwana hafungwi na mto wa Filipi. Jiko likishazimwa na watoto wakilala, keti dakika chache katika giza lile. Nje ya lango lako ni hapo. Taja jina la yule usiyesemezana naye, ulitaje mbele za Bwana. Asubuhi ukikutana naye njiani, anza wewe kumsalimu.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyeufungua moyo wa Lidia kando ya mto, ifungue na mioyo yetu. Wape pumziko akina mama waliochoka. Walio na uchungu wa siri, uwe nao katika chumba kile ambacho hakuna mwingine aingiaye. Wale wasiosemezana katika makanisa yetu, uwakutanishe, uwape unyenyekevu wa Mwanao, aliyejishusha kwa ajili yetu hata msalabani. Wabariki baba na watoto watakaobaki nyumbani. Na ushirika wetu uwe wa kweli Jumatatu kama ulivyo Jumapili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote, mpaka tutakapokutana tena.